Parafujo ya Korongo

Wanangu wananishauri niyaache yaliyopita. Nimeyaacha mengi. Hili siliachi, kwa sababu hapa Coventry ukitaja jina la Tranter kwa mtu yeyote aliyevuka miaka hamsini, atacheka kwanza ndipo akusalimie, kisha atakuuliza kama ninyi ndio wale akina Parafujo. Mume wangu, Ambrose Tranter, alifanya kazi katika kiwanda cha magari cha Pendrell miaka arobaini na mitatu. Alichelewa kazini mara moja tu, asubuhi ile nyumba ya jirani ilipopigwa bomu, na hata siku hiyo aliomba radhi. Mtu wa namna hiyo anakumbukwa mjini kwa parafujo moja. Wanasema aliikaza, na kwa kuikaza akakiua kiwanda. Naandika haya ili wajukuu wajue ilivyokuwa.

Mzee Josiah Pendrell alianza na cherehani. Kila nyumba ilipokuwa na cherehani akageukia baiskeli, na baiskeli zilipozagaa mitaani akazitia injini. Gari la Pendrell halikuwa na mbio. Lilinunuliwa na madaktari, makasisi na mahakimu, watu wanaotaka kufika wakiwa wamenyooka. Milango yake ilikuwa mizito, na ulipoifunga ilitoa sauti kama ya mtu anayekubaliana nawe. Puani alisimama korongo wa fedha, mguu mmoja juu, amefungwa kwa parafujo mbili. Ubavuni, kutoka taa ya mbele hadi taa ya nyuma, ulipita mstari mwembamba uliochorwa kwa mkono. Mstari huo ndio uliokuwa kazi ya Ambrose.

Wachora mstari walikuwa wanne kiwanda kizima. Brashi zao zilikuwa na nywele ndefu kama kidole, na hakuna aliyemwazima mwenzake, hata ndugu. Ambrose alivuta pumzi kwenye taa ya mbele akaishusha kwenye taa ya nyuma, na katikati hapo hata moto ungewaka usingemsemesha. Nyumbani mkono haukutulia. Alichora mstari kwenye ndoo ya makaa, kwenye sanduku la mkate, kwenye lango la bustani. Paka wetu alizoea kuondoka chumbani kila alipomwona ameshika brashi. Lakini vitu vya nyumbani alivitofautisha. Magari ya wateja aliyamalizia mstari kwa kuukata wima. Vya kwetu aliviwekea mkia mdogo uliojikunja juu, kama wa mwananguruwe. Siku aliyokipaka kigari cha mtoto wetu wa kwanza aliniambia kwamba mkia ni wa familia, hautoki nje ya lango. Mkumbuke mkia huo.

Lazima pia niseme jinsi kazi zilivyogawanywa, maana vijana wa leo hawaamini. Mtu wa karakana ya rangi hakugusa parafujo. Fundi wa kufunga hakugusa brashi. Balbu ilikuwa ya fundi umeme peke yake. Mara moja balbu ya karakana ya rangi iliungua siku ambayo fundi umeme alikuwa mazikoni, na wanaume kumi na wawili wakakaa gizani hadi saa sita mchana, balbu mpya iko mezani mbele yao. Wageni walicheka. Sisi hatukucheka. Kila kazi ililisha nyumba fulani, na kuifanya kazi ya mwenzako ilikuwa kuwapokonya wanawe mkate mdomoni. Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya wasichana. Nusu ya wanafunzi wangu walilishwa na sheria hizo, nami nilijua ni nusu ipi.

Kisha likaja lile la Bagshaw. Bagshaw walikuwa watengeneza magari wa Birmingham, na kwa miaka arobaini watu wa Pendrell waliwacheka kwamba magari yao yanafaa kubebea maziwa. Siku moja tukasoma gazetini kwamba kampuni hizo mbili ni moja. Fahali wawili hawakai zizi moja, na hawa walitiwa zizini na waungwana wa London ambao hawakuwahi kufuga hata kuku. Gari la kwanza la ndoa hiyo liliitwa Warden. Lilikuwa na injini ya Bagshaw na pua ya Pendrell, na vilipishana kauli tangu siku ya kwanza. Mvua iliingia mlangoni na haikupata pa kutokea, jambo ambalo Ambrose alilitetea: maji yasipotoka, alisema, ni dalili kwamba mlango umefungwa vizuri. Wakubwa wapya walipita wakipunguza vyote vilivyokuwa viwili viwili. Korongo alikuwa na parafujo mbili. Wakamwachia moja.

Sasa tufike siku yenyewe. Ilikuwa Machi mwaka 1973. Warden ilikuwa imewekwa katikati ya ukumbi wa kantini, imefunikwa shuka jeupe, na waziri alikuwa anakuja saa nne na robo kuifunua mbele ya waandishi wa habari. Ambrose aliitwa kusahihisha mstari uliochubuliwa na mtu aliyetandika shuka, akalikunja shuka nusu, pua ya gari ikabaki wazi. Saa nne kamili kengele ya chai ililia na mafundi wa kufunga wote wakatoka, maana dakika kumi za chai walikuwa wamezigombea mwaka mzima na wasingezipoteza hata kwa malkia. Waziri akafika mapema. Katika dakika hizo korongo, akiwa na parafujo yake moja, alilegea, akapinduka, akaning'inia kichwa chini kama kuku anayepelekwa sokoni.

Waziri alipoingia, korongo alikuwa amesimama wima tena. Mjumbe wa chama cha mafundi wa kufunga, Horace Dunkley, aliyekuwa amekwisha kumwona ndege akilegea wakati anatoka kwenda chai, alirudi na kikombe mkononi, akamtazama ndege, akamtazama Ambrose.

"Nani kamgusa ndege?"

"Mimi," Ambrose akasema.

Dunkley alikiweka kikombe chini. Mbele ya waziri alimwita mume wangu mwizi wa kazi, na kufikia saa tano mafundi wa kufunga mia sita walikuwa nje ya lango. Watu wa rangi walitoka saa nane, kwa sababu mwenzao ametukanwa. Kesho yake mafundi umeme walitoka, kwa kuogopa kuonekana hawana la kusema. Wanawake wa chai walirudishwa nyumbani kwa kukosa wanywaji. Picha iliyotoka magazetini ilimwonyesha waziri amekaa peke yake katika ukumbi mtupu, anakunywa chai kando ya gari lililofunikwa nusu. Mgomo ulichukua majuma matatu. Warden ilipotoka kiangazi, watu walikuwa wameshacheka, na gari lililokwisha kuchekwa haliuziki kwa mahakimu.

Jioni ile ya kwanza nilimuuliza Ambrose mezani kama ni kweli.

"Nimekaza," akasema. "Basi. Nipe viazi."

Sikupata zaidi ya hapo kwa miaka kumi na tano, mpaka anaingia kaburini. Niliandika gazetini barua tatu kueleza kwamba mtu yeyote mwenye adabu angemsimamisha ndege yule, na kila barua iliongeza kicheko. Mwanangu alipooa, msimamizi wake alimzawadia bisibisi mbele ya wageni. Shuleni wasichana walizoea kuniwekea parafujo mezani kila mwaka shule inapofungwa. Nilizitia katika kikombe cha kalamu. Nilipostaafu zilikuwa kumi na moja.

Pendrell ilifungwa mwaka 1979. Nasema wazi kwamba haikufa kwa mkono wa Ambrose. Ilikufa kwa milango inayonywa maji, kwa injini na pua zisizosemezana, kwa magari ya bei nafuu kutoka mbali yaliyowaka asubuhi ya baridi bila kubembelezwa. Sikio la kufa halisikii dawa. Lakini mlango uvujao haupendezi kusimulia baani, na parafujo inapendeza.

Mwaka 1991, Ambrose akiwa na miaka mitatu kaburini, ghala la zamani la riboni za hariri lilifanywa makumbusho madogo ya kazi za mji huu. Ile Warden ya waziri ilipatikana, ikasafishwa, ikapewa chumba kizima. Nilikwenda kuiona kabla ya ufunguzi. Kwenye stendi kulikuwa na kibao kinachosema kwamba mgomo ulioiangusha Pendrell ulianza pale mchora mstari, A. Tranter, alipokaza parafujo hii. Mshale mwekundu ulielekea kwa korongo.

Mtu akikusema baani, maneno huisha baa ikifungwa. Kibao cha makumbusho ni jambo jingine. Nilimwona mtunza makumbusho, Bwana Pettifer, kijana mpole mwenye tai iliyopinda, nikamwambia kibao kiondolewe. Alinijibu kwa heshima kwamba anao ushahidi wa Dunkley, na kwamba marehemu mwenyewe alikiri. Nikimletea shahidi mwingine aliyekuwemo ukumbini, ataandika upya. Alinipa hadi Jumamosi, siku ya ufunguzi.

Nikapiga hesabu ya waliokuwemo. Mafundi walikuwa kwenye chai. Wakubwa walikuwa mlangoni wakimsubiri waziri. Alibaki Ambrose, na kama palikuwa na kantini palikuwa na toroli la chai, na toroli la chai lilikuwa na Nesta Griffin.

Nesta alikuja kutoka Wales na mume aliyefuata kazi, mume akafa, yeye akabaki na binti watatu na toroli. Binti zake wote nilikuwa nimewafundisha. Nilikwenda kwake Alhamisi na keki ya mbegu za kisibiti. Alikuwa na miaka sitini na tisa, mdogo kama kinda, na macho ambayo hayakuwa yamezeeka. Alinikaribisha, akaniita mwalimu, akatoka jikoni anasukuma toroli la kiwandani. Waliponunua mashine za chai, alisema, walitaka kulitupa, akalichukua.

Nilieleza shida yangu. Nilitaka aseme kwamba Ambrose hakugusa kitu. Alinimiminia chai kwanza.

"Hakugusa," akasema. "Ndege nilimgusa mimi."

Akanionyesha kijiko. Ambrose, alieleza, alikuwa ameshika brashi yenye rangi mbichi kwa mkono mmoja na kopo kwa mwingine. Ndege akapinduka, magari ya waziri yakasikika uani, na Ambrose akamwambia tu kwamba yule ndege anaanguka. Nesta akachukua kijiko cha chai, akakaza kwa ncha ya mpini, mizunguko mitatu. Alikuwa anakifuta kijiko kwenye aproni Dunkley alipoingia na kuuliza swali lake.

"Mashine za chai zilikuwa zimeshaagizwa, mwalimu. Walikuwa wanatafuta kisingizio cha kutuondoa. Mimi sina chama, nina watoto watatu. Nikafungua mdomo niseme ni mimi. Mzee Tranter akaniwahi."

"Na mbona hakuniambia mimi, mkewe?"

"Ungeandika gazetini."

Nilikuwa nimeandika barua tatu bila kujua lolote. Ningejua, ningeandika kumi.

Nesta alisema yuko tayari kusema Jumamosi mbele ya watu wote. Kwa umri wake sasa hakuna wa kumfukuza ila Mungu. Lakini alinionya nifikiri vizuri. Mji huu una midomo. Leo wanasema Tranter aliua kiwanda. Kesho watauliza ni kwa nini Tranter alimfichia mjane wa chai siri miaka yote ile, tena akamficha mkewe. Alisema hivyo akikata keki, bila kunitazama.

Sitajifanya kwamba wazo hilo halikuwa limeshanifikia. Lilikuwa limenifikia nilipoliona toroli. Maana ubavuni mwa toroli lile, chini kidogo ya rafu ya vikombe, ulipita mstari mwembamba mwekundu, umenyooka kama neno la kweli, na mji mzima palikuwa na mkono mmoja tu uliochora vile. Mwanzo wa mstari ulikuwa upande wangu. Mwisho wake ulikuwa upande wa ukutani.

Niliangusha leso. Ilikuwa hila ya kitoto, na kwa magoti yangu haikuwa hila rahisi. Niliteremka sakafuni kwa awamu mbili, nikashika mguu wa toroli, nikaingiza kichwa kati ya toroli na ukuta, miwani ikanipanda kwenye paji la uso. Nikautafuta mwisho wa mstari.

Ulikuwa umekatwa wima. Mkia haukuwapo. Mstari wa mteja.

Nilibaki pale chini muda mrefu kuliko leso ilivyohitaji. Juu yangu nilimsikia Nesta akikoroga chai.

"Umeona?" akauliza.

"Nimeona."

"Nilimwomba mkia kama wa kigari cha mwanao. Akakataa. Akasema nimwie radhi lakini huo una wenyewe." Akanipa mkono niinuke. "Kula keki, mwalimu. Umeileta mwenyewe."

Nikala vipande viwili.

Jumamosi ghala lilijaa. Wazee wa Pendrell walikuja wamevaa suti za mazikoni, wakajipanga bila kuambiwa, watu wa rangi kushoto, mafundi wa kufunga kulia, kama siku ile nje ya lango. Dunkley alikaa mbele na kifaa cha kusikilizia kikipiga mluzi sikioni. Aliponiona alinisalimia shemeji, akaniuliza kama nimekuja na bisibisi. Upande wa kulia wote ukacheka. Bwana Pettifer alisema maneno ya kukaribisha, kisha akamwita Nesta.

Nesta alisimama kando ya gari, akainua kijiko, akaeleza kwa sentensi nne. Hakulia na hakuomba msamaha. Alipomaliza, mluzi wa kifaa cha Dunkley ulisikika hadi mlangoni.

Dunkley aliinuka. Nilidhani atakanusha. Kumbe alikuwa na swali la utaratibu: alitaka kujua kijiko kilikuwa cha nani, cha kampuni au cha Nesta mwenyewe.

Nesta akajibu kwamba ni cha kampuni, na kwamba hajakirudisha.

Basi, Dunkley akasema, kijiko cha kampuni ni kifaa cha jikoni. Mafundi wa kufunga hawakuwahi kuwa na ugomvi na jikoni. Kwa hiyo mgomo wa Machi 1973 uliitishwa kwa kosa, na yeye, akiwa ndiye aliyeuitisha, anatoa hoja ufutwe. Akaomba mikono. Upande wa kulia ukanyoosha. Upande wa kushoto hawakunyoosha hata mmoja. Mzee mmoja wa rangi akasema, bila kusimama, kwamba wao hawapigi kura mpaka neno mwizi wa kazi lirudishwe lilikotoka.

Dunkley alisugua kofia yake. Kisha akageuka, siyo kwa watu wa rangi, kwangu.

"Shemeji," akasema, "yule bwana nilimwita jina lisilo lake. Nalirudisha."

Nilimwambia limepokelewa. Mikono ya kushoto ikapanda. Mgomo ukafutwa, miaka kumi na minane baada ya kwisha.

Hapo ndipo korongo alipoamua kusema lake. Huenda ni joto la watu wengi, huenda ni Nesta aliyekuwa ameegemea boneti. Parafujo ile moja ya wakubwa wa London ililegea tena, ndege akapinduka mbele ya macho yetu, akaning'inia kichwa chini. Hakuna aliyesogea. Mafundi wa kufunga walitazama watu wa rangi, watu wa rangi wakatazama dari. Bwana Pettifer alinyoosha mikono yote miwili akatuomba tusiguse, maana vitu vya makumbusho huguswa na mtaalamu wa uhifadhi peke yake. Dunkley akamuuliza mtaalamu huyo yuko wapi.

Bwana Pettifer akanong'ona kwamba yuko kwenye chai.

Nimeona madarasa mengi yakishindwa kujizuia, ila sijaona lililoshindwa kama wazee wale. Wengine ilibidi wakalishwe. Katikati ya kicheko hicho Nesta alinisogelea akanitia kijiko mkononi, mpini mbele. Nilikwenda puani mwa gari. Nikamsimamisha ndege kwa mkono wa kushoto, nikaingiza ncha ya mpini kwenye mfereji wa parafujo, nikazungusha mara tatu, kisha nikaongeza ya nne, kwa sababu sipendi kazi ya nusu.

Bwana Pettifer alikuwa amegeuka kuokota karatasi zake. Aliporudisha uso, korongo alikuwa wima.

"Nani kamgusa ndege?" akauliza.

"Mimi," nikasema. "Tranter."

Kibao kipya nilikipitia mwenyewe kabla hakijapigwa chapa. Kinasema kwamba parafujo hii ilikazwa kwa kijiko cha chai na Bi. Nesta Griffin, na kwamba A. Tranter, mchora mstari, alijibu kwa niaba yake. Kuhusu nani aliua kiwanda hakisemi kitu, ila chini yake nilimtaka Bwana Pettifer aongeze kwamba hapo awali korongo alikuwa na parafujo mbili. Mwenye akili atajaza mwenyewe. Na Jumamosi ile, kicheko kilipotulia, toroli liliingizwa, Nesta akamimina, watu wa rangi na mafundi wa kufunga wakanywa chai upande mmoja wa ukumbi, na hakuna aliyegoma.